Uwanja wa Mulu: kwanza uliza mawingu

Naanza na hukumu ili mwenye haraka asipoteze muda: uwanja wa ndege wa Mulu naupa nyota nne kati ya tano. Wanaoulalamikia kwa kukosa duka la manukato na viti vya kujinyoosha wameifuata Dubai msituni. Huu ni uwanja wa watu wasio na stendi ya basi, na ukiupima kwa kazi hiyo utauheshimu.

Kwa asiyepajua, Mulu iko Sarawak, jimbo la Malaysia lililo kwenye kisiwa cha Borneo, jirani na mpaka wa Brunei. Ni msitu wa mvua kwelikweli, maana kwa mwaka hunyesha milimita 4,000 hadi 5,000, na katikati yake imesimama milima ya mawe ya chokaa iliyotobolewa mapango ambayo wataalamu hawajamaliza kuyapima hadi leo. Hifadhi ya Gunung Mulu ilitangazwa mwaka 1974, ikafunguliwa kwa wageni 1985, na UNESCO ikaiingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Kutoka mji wa Miri, ambako nilikuwa nasoma, ni kama kilomita 100 angani, nusu saa tu ya kuruka. Njia ya wazee ni mto: unafika Marudi, unaupanda mto Baram kwa boti, kisha unaingia Tutoh, na mwisho Melinau kwa mtumbwi mrefu wa injini. Siku nzima inakwisha humo. Nina wenzangu waliopita huko, wakafika wameloa chapachapa na hadithi za kusimulia mwaka mzima. Lakini mimi nilikuwa na mama.

Mama alikuja Miri kwa mahafali yangu. Alipomaliza kupiga picha za joho akaniuliza kama kwenye nchi hii kuna kitu cha kuona zaidi ya maduka. Ndipo nikakata tiketi.

Na hapo hapo kwenye tiketi nina la kusema. Tovuti moja ya kuuza tiketi, jina lake nitalimeza, ilitupangia safari ya kurudi ambayo mama angetua Miri akitokea Mulu na kupanda ndege ya Kuala Lumpur dakika hamsini baadaye. Jirani yangu pale Miri, mtu wa kabila la Wakelabit aliyekulia Bario, kijiji cha ndani kabisa ya Sarawak, alipoitazama ile ratiba alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo aliyeipanga," akasema, "hajawahi kuliona wingu la Mulu." Akaniambia niisogeze safari ya Kuala Lumpur hadi kesho yake. Kuibadilisha kulinigharimu pesa na nilinung'unika sana. Nilikuja kumshukuru baadaye.

Ndege ni ATR 72, yenye mapanga mawili. Mama alipoiona pale Miri alisimama katikati ya lami.

"Mwanangu, ndiyo hii? Pangaboi?"

Ndiyo hiyo. Mtanzania yeyote anazikumbuka kejeli za pangaboi za mwaka 2016, ndege za mapanga aina ya Bombardier Q400 zilipoingia nchini. Mama alikuwa miongoni mwa waliocheka, na sasa alikuwa anatakiwa kupanda. Ukweli ni kwamba njia ya kurukia ya Mulu ina urefu wa kama kilomita moja na nusu tu, na kwa njia fupi namna hiyo pangaboi ndiyo yenyewe. Jeti kubwa ingebaki kuitazama kutoka juu.

Mlango wa abiria uko nyuma na mizigo hupakiwa mbele, kwa hiyo aliyekaa siti za mkiani ndiye anayeshuka kwanza. Ukisikia injini ya kulia inapiga kelele ilhali panga lake limetulia tuli, usiogope, haijaharibika. ATR haina ile injini ndogo ya mkiani inayozipa ndege nyingine umeme zikiwa chini. Badala yake injini ya kulia inawashwa, panga lake linafungwa breki, na abiria wanaendelea kupanda upande wa kushoto bila hatari. Nilimweleza mama haya yote kwa fahari ya mtu aliyehitimu uhandisi wiki ile. Akanijibu kwamba kwanza tusome dua, habari za breki nitamaliza tukifika.

Zuri kuliko yote ni bawa. Liko juu ya madirisha, basi hakuna siti inayozibwa na bawa usione chini. Na cha kuona kipo. Mnaacha bahari nyuma, Baram anaanza kujikunja chini yenu, mwekundu kwa tope, na kwa dakika kadhaa kinachoonekana ni michikichi, michikichi, michikichi. Imepangwa kwa mistari kama daftari la hesabu. Anayedhani Borneo yote ni msitu ataishika pumzi hapo, na ni vizuri aishike, kwa sababu ndiyo hali halisi na haimo kwenye vipeperushi vya utalii. Halafu mistari inakoma. Miti inakuwa ya kila kimo na kila rangi ya kijani, ukungu umelala mabondeni, na mbele upande wa kushoto yanatokea majabali meupe ya Gunung Api, mita 1,750, na nyuma yake Gunung Mulu wenyewe wenye mita 2,376. Mhudumu alikuwa anagawa vinywaji na kukusanya vikombe kwa mkono uleule. Mama alikuwa amefumba macho. Nilimwambia afumbue, akafumbua jicho moja, na hilo halikufumba tena hadi tulipotua.

Kutua kwenyewe ni kwa kushtua kidogo. Uwanja uko chini bondeni, milima iko juu yake, na ndege inainama upande, inanyooka, miti inakaribia mpaka unaona majani, kisha magurudumu yanagonga lami na breki zinakusukuma mbele. Hakuna kuzungukazunguka baada ya hapo. Dakika chache tu panga la kushoto limesimama nawe uko kwenye ngazi, na unyevu umekukumbatia kabla hujamaliza kusema asante.

Jengo ni dogo, safi, na unaliona lote ukisimama mlangoni: kaunta za kupokelea mizigo, ukumbi wa kusubiri, choo. Unatembea kwa miguu kutoka kwenye ndege hadi humo. Mabegi yanakuja kwa mkokoteni na unachukua lako kwa mkono. Nimesubiri begi viwanja vikubwa nikaanza kulipangia matanga, ila hapa begi la mama lilifika kabla mama hajamaliza kufunga kamba za viatu. Vijana wa uwanjani walimwita "anti" kama wanavyowaita wanawake wote wa umri wake nchini humo, mmoja akambebea mfuko bila kuombwa, na kuanzia hapo mama akaacha kabisa maneno ya pangaboi.

Sasa nyota ya tano ilikodondokea. Mulu hakuna ATM. Si uwanjani, si kwenye hifadhi, si kijijini. Nalitaja hili kwenye uwanja kwa sababu uwanja ndio mlango pekee wa watu wengi, na palipo na mlango mmoja ndipo panapostahili mashine ya pesa. Baadhi ya sehemu za kulala na hifadhi yenyewe wanapokea kadi, lakini mtandao ukikatika kadi ni plastiki tu. Njoo na ringgit, pesa ya Malaysia, za kutosha kutoka Miri, na ziwe noti ndogo. Gari la abiria kutoka uwanjani hadi makao ya hifadhi tulilipa ringgit 5 kila mtu, na dereva hana habari na noti yako ya mia. Mwenye begi la mgongoni anaweza kutembea pia, kwani haifiki hata kilomita mbili, barabara ni tambarare, na njiani kuna nyumba za wenyeji zinazolaza wageni kwa bei ya kiungwana. Ila ukitembea saa saba mchana, hayo ni yako.

Vivutio vyenyewe sitavieleza sana, si mada yangu. Popo wa Pango la Kulungu wanatoka jioni kuanzia kama saa kumi na moja, mamilioni, ikiwa mvua haijawazuia. Watembeza wageni watakuambia pia habari za Ukumbi wa Sarawak, uliogunduliwa na Waingereza mwaka 1981 ndani ya mlima: urefu kama mita 600, upana zaidi ya mita 400, na kila mtu atakwambia kwamba Boeing 747 kadhaa zinaweza kuegeshwa humo. Mimi nilichoka kuusikia mfano huo, ila nakiri una utani wake. Mulu ina pango la kuegesha ndege za jumbo kama hizo, na uwanja wa ndege usioweza kupokea hata moja.

Turudi uwanjani, kwenye safari ya kuondoka, maana hapo ndipo utakapoujua.

Usiku wa kuamkia siku yetu mvua ilinyesha kama inadai deni. Asubuhi msitu ulikuwa unatoa mvuke, milima haionekani, na hata miti ya upande wa pili wa njia ya kurukia ilikuwa vivuli tu. Tuliripoti kaunta mapema. Dada wa kaunta alipima mabegi, akatupa pasi za kupandia, akatutazama, akasema ndege imeshaondoka Miri. Hakuongeza neno. Wenyeji waliokuwa nyuma yetu walikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara, na hilo lingetutosha kuwa dalili.

Tuliisikia kabla ya wakati wake. Sauti ya mapanga ilipita juu yetu, ikaenda upande wa milima, ikageuka, ikapita tena. Ukumbi wote ulikuwa umesimama, shingo juu, na hakuna aliyeona kitu. Kisha sauti ikapungua kuelekea magharibi na ikapotea. Rubani amerudi Miri. Kijana mmoja Mzungu aliyekuwa na ndege ya kuunganisha Kota Kinabalu, jimbo jirani la Sabah, alikwenda kaunta kwa hasira akauliza kwa nini rubani hakutua ilhali alikuwa juu yetu kabisa. Dada akanyoosha kidole dirishani. Jibu lilikuwa pale pale, jeupe zito.

Hili watu hawalielewi, na ndilo linalozaa maoni mengi ya chuki. Kutua Mulu ni kwa macho. Rubani anatakiwa kuiona ardhi, na jirani na uwanja kuna majabali ya chokaa. Ukungu wa asubuhi kwenye msitu wa mvua unatokana na ardhi iliyoloa na usiku uliopoa, na hautii amri ya ratiba. Unainuka jua likipata nguvu, saa nne, saa tano, siku nyingine baadaye zaidi. Mchana ukisonga sana nako kuna mawingu ya radi yanayojengeka juu ya milima. Kwa hiyo ukiwa na uchaguzi wa saa, ndege inayotua kwenye saa tano hadi saa saba naipenda kuliko ya alfajiri. Rubani aliyegeuza ndege siku ile mimi nampa nyota tano peke yake, na kama anasoma hapa, mama amemwombea.

Kusubiri Mulu si adhabu. Kibanda cha ng'ambo kinauza chai ya baridi yenye ndimu na mi, yaani tambi za kukaanga, mchuzi wake una pilipili ya kukurudishia fahamu. Wanawake wa Kipenani, kabila la wenyeji wa huko, walikuwa wamekaa na vikapu vyao vya henzirani, vyeusi na rangi ya majani makavu, msuko wake umebana hata maji yangesita kupita. Mama alinunua viwili baada ya mazungumzo marefu ambayo upande mmoja ulikuwa Kiswahili na mwingine Kipenani, na wote walitoka wameridhika na bei. Waifai sikuipata, mtandao wa simu unakuja na kwenda. Leta kitabu, au leta mama.

Katika saa zile ndipo nilipowaona wenye uwanja. Mzee mmoja alikuwa anampeleka mjukuu kliniki Miri, jino limemvimbisha shavu. Mwalimu alikuwa anarudi kwao likizo. Familia nzima ilikuwa imekuja kumpokea mtu mmoja na televisheni yake, na ndege ilipogeuka hawakulalamika, walitandika mkeka. Kwao hii si safari ya kitalii yenye msisimko, ni basi. Serikali ya Malaysia imekuwa ikizilipia ruzuku safari hizi za vijijini kwa miaka mingi, kwa sababu kwa hesabu ya biashara tupu nyingi zisingeruka. Kampuni ya MASwings ilianzishwa mwaka 2007 kwa kazi hiyo hasa, na mwaka 2025 serikali ya jimbo la Sarawak ilitia saini mkataba wa kuinunua. Vijiji vidogo zaidi kama Bario vinafikiwa na ndege ndogo ya Twin Otter yenye siti 19, na huko abiria mwenyewe hupanda kwenye mizani pamoja na begi lake. Jirani yangu aliponisimulia hilo mbele ya mama, mama alitangaza kwamba Bario tutaitazama kwenye picha.

Ndege ilikuja mchana. Safari hii tuliiona: ilichomoza juu ya miti ikiwa imeinama, taa zimewaka, na watoto waliokuwa kwenye mkeka walikimbilia uzio. Ilishusha watu, mabegi, televisheni, maboksi ya dawa, matairi ya pikipiki, ikapakia sisi, na haikukaa chini hata nusu saa. Hakuna aliyeharakishwa na hakuna aliyesahauliwa. Yule kijana wa Kota Kinabalu alikuwa ameshalala kwenye benchi, mhudumu wa usalama akamwamsha kwa kumgusa bega, akampelekea begi lake la mgongoni hadi mlangoni. Ningependa kuona hilo likitokea kwenye kiwanja chenye mageti hamsini.

Mambo machache ya mwisho kwa atakayekwenda. Uzito wa begi soma kwenye tiketi yako yenyewe, usiamini ulioandikwa na muuzaji, maana kwetu vilitofautiana na tulilipia tofauti. Chukua begi laini, ni rahisi kwako na kwa wanaolibeba. Pasi ya kusafiria uwe nayo mkononi hata kama unadhani uko ndani ya nchi ileile. Sarawak ina mamlaka yake ya uhamiaji tangu makubaliano ya mwaka 1963, na anayeingia kutoka Sabah au Kuala Lumpur anakaguliwa hata akiwa Mmalaysia. Miri hadi Mulu ni jimbo moja, hapo hakuna shida. Koti la mvua liwe juu ya begi, si chini yake, kwa sababu kutoka ngazi za ndege hadi jengoni hakuna paa. Wenye matatizo ya magoti waseme mapema kaunta. Ngazi za ATR ni fupi, vipago vichache tu, lakini ni nyembamba, na mama yangu alishukia mkono wa mhudumu.

Na ndege ya kuunganisha iwe ya kesho yake. Kama ratiba yako haina nafasi ya usiku mmoja wa ziada Miri, nenda Mulu mwaka mwingine.